Bunduki ya Mkono wa Kushoto

Heidrun Möbus alistaafu mwezi wa Oktoba, baada ya miaka thelathini na minne ya kuchora mistari ya vipimo kwenye vipimajoto vya kioo. Kiwandani walimwandalia kahawa na keki, wakampa bahasha. Mwingine angeipeleka bahasha ile Uhispania akalale juani wiki mbili. Yeye alikuja klabuni Alhamisi ileile, akatundika koti lake, akaniambia, "Volkmar, nanunua bunduki yangu mwenyewe."

Mimi ndiye msimamizi wa uwanja wa shabaha hapa Hirschbrunn, kwa hiyo habari za namna hii hunifikia kwanza. Nilifurahi, ila sikushangaa. Kwa miaka kumi na tisa Heidrun alikuwa akipiga kwa bunduki namba tatu ya klabu, ambayo kitako chake kimechongwa kwa ajili ya mtu wa mkono wa kulia. Yeye ana mashoto. Kila risasi ilimlazimu apinde shingo na kulibana shavu kwenye mbao isiyomtaka. Hata hivyo alikuwa anapata mia mbili na themanini na kitu katika mia tatu, na wapo wenye mkono wa kulia ambao hawajawahi kuifikia.

Eckhard, mume wa dada yake, ndiye mpiga shabaha wetu bora, na hakuna anayelijua hilo zaidi ya yeye mwenyewe. Aliposikia alicheka hadi bia ikamtoka puani.

"Shemeji, wewe hulengi, wewe unachungulia paka chini ya kitanda. Bunduki mpya itakusaidia nini?"

"Itanisaidia nisikuone wewe wakati nachungulia," Heidrun akajibu, akaenda kujiandikisha zamu yake.

Kibali kutoka ofisi ya wilaya kilichukua wiki kumi na moja. Kilipotoka tukaenda Suhl kwa gari langu, maana mtu wa bonde letu akitaka bunduki ya shabaha huenda Suhl kama vile mtu wa kutaka vioo anavyopanda Lauscha. Heidrun alikuwa na yuro elfu moja na mia mbili. Alinieleza njiani kwamba hizo ni zote, bunduki na risasi zake, na kwamba nisijaribu kumshawishi avuke hapo.

Muuza bunduki, Bwana Röhrig, alitupokea vizuri. Akatoa kwanza bunduki mpya ya mashoto, kitako cha alumini chenye visukurubu kila pahali, unakirefusha, unakifupisha, unainua sehemu ya shavu kwa kidole kimoja. Heidrun aliiweka begani. Niliiona shingo yake imenyooka kama ya mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Kisha akauliza bei.

"Elfu tatu na mia nne."

Akairudisha mezani taratibu, kama mtu anayemrudisha mtoto wa wenyewe.

Bwana Röhrig hakuvunjika moyo. Alileta bunduki ya bei ya chini, yenye mtutu mnene na komeo upande wa kushoto, yaani kile kishikizo unachokivuta ili ganda litoke na risasi nyingine iingie. Ilikuwa nyepesi, inapendeza, na ilikuwa chini ya bajeti. Nyuma ya duka kuna uwanja wa mita hamsini. Heidrun akapiga risasi kumi, akabonyeza kitufe ili karatasi ya shabaha irudi, akatoa mkobani kioo kidogo cha kukuzia alichokuwa akitumia kiwandani. Alikagua matundu moja moja.

"Hii ni ya kuangushia makopo," akasema. "Si mbaya. Ila kifyatulio kinakokota kabla ya kuachia, na mimi nitakuwa nasubiri badala ya kulenga."

Bwana Röhrig akanitazama mimi, kama kwamba mimi ndiye niliyemleta mkaguzi wa serikali dukani kwake. Mwishowe akatoa bunduki iliyokwisha kutumika, ya aina ambayo nusu ya wachezaji wa ligi yetu wanayo. Mtutu safi, kifyatulio laini kama siagi, yuro mia tisa. Risasi kumi zikaingia kwenye tundu ambalo ungeliziba kwa ukucha wa kidole gumba. Ila ilikuwa ya mkono wa kulia.

"Ichukue," nikamwambia. "Kitako unaweza kukibadilisha baadaye."

"Kitako kipya ni mia sita, nimeuliza. Na nimeinama miaka kumi na tisa, Volkmar. Sitaki kulipia kuinama."

Tukarudi mikono mitupu, na yeye ndiye aliyekuwa akipiga mluzi.

Tangazo tulilipata wiki ile kwa muuza nyama wa bonde la pili, limebandikwa kati ya paka aliyepotea na kozi ya dansi. *Bunduki ya shabaha ya marehemu mume wangu, imetengenezwa Suhl. Bibi Triebel.* Namba ya simu ilikuwa imeandikwa mara mbili, kwa mwandiko wa mtu anayehofia haitasomeka.

Bibi Marlis Triebel alikuwa na miaka sabini na sita. Alitukaribisha kwa kahawa na keki ya tufaha, na hakuizungumzia bunduki mpaka sahani zilipokuwa tupu. Ndipo akafungua kabati la chuma.

Mume wake, Horst, alikuwa seremala, naye alikuwa na mashoto. Alikuwa ameinunua bunduki ile ikiwa ya kawaida, akakitupa kitako chake cha kiwandani, akachonga kingine kwa mbao za mti wa mpeari zilizogundishwa tabaka juu ya tabaka. Sitadanganya, ilikuwa na sura mbaya. Ilifanana na mguu wa meza uliokatwa kwa hasira. Na komeo lilibaki palepale lilipotoka kiwandani, upande wa kulia.

"Wamekuja wanaume watatu," Bibi Triebel akasema. "Wote wamevuta hicho kishikizo, wote wakasema kiko upande usiofaa. Wa mwisho akaniambia nikipata mia tatu nimshukuru Mungu. Basi nimeamua ni mia tatu. Imekaa humo miaka sita, inanichosha kuifikiria."

Heidrun aliiweka begani. Sikuiona shingo yake, maana alikuwa amenipa mgongo, lakini alikaa hivyo muda mrefu kuliko adabu ya sebuleni inavyoruhusu.

"Naweza kuijaribu kwanza?" akauliza. "Itabidi uje nayo wewe mwenyewe, kwa sababu ya vibali."

"Mimi, kule kwenye uwanja? Sijawahi kukanyaga."

"Hata mara moja?"

"Horst alienda kila Alhamisi miaka arobaini na mmoja. Nilidhani anakunywa bia."

"Bia nayo haikosekani klabu yoyote," nikasema, na mama wa watu akacheka kwa mara ya kwanza.

Jumamosi Bibi Triebel akaja na gari lake dogo, bunduki ikiwa nyuma ndani ya sanduku lililofungwa kwa kufuli mbili. Heidrun alikuwa amenunua kwa Bwana Röhrig visanduku vitano vya risasi za matoleo matano tofauti ya kiwandani, kwa sababu mtutu wa aina hii una ulimi wake. Risasi inayopigwa vizuri na bunduki ya jirani, ya kwako inaweza kuitema. Eckhard naye alikuwapo, hakualikwa na mtu.

Sisi wa umri huu tunaruhusiwa kuegemeza bunduki kwenye stendi ndogo. Heidrun akajipanga, akapiga tano za kwanza. Nikatazama kwenye darubini. Matundu yalikuwa yametawanyika juu na chini kama mbegu zilizomwagika. Akapiga tano za toleo la pili, hali ileile.

"Shemeji," Eckhard akasema, "kwa mia tatu umepata kuni nzuri. Mpeari unawaka vizuri."

Bibi Triebel alisikia. Aliutazama mkoba wake.

Heidrun alikuwa akiyakagua matundu kwa kioo chake. "Zinapanda na kushuka," akaniambia. "Pembeni haziendi hata kidogo. Nipe bisibisi."

Akaigeuza bunduki. Chini kuna skrubu mbili zinazoshikilia chuma na mbao. Miaka sita ndani ya kabati lililo karibu na bomba la joto, mbao ilikuwa imekauka na kunywea, skrubu zikazunguka kwa vidole tu. Akazikaza, akaifuta, akairudisha kwenye stendi.

Toleo la tatu likapunguza mtawanyiko kwa nusu. La nne akalipiga polepole, na hapo ndipo nilipoacha darubini nikaanza kumtazama yeye.

Alikuwa hainui kichwa. Shavu limetulia kwenye mpeari, mkono wa kushoto umetulia kwenye kifyatulio, na mkono wa kulia, ambao kwa kuwa bunduki imeegemezwa haukuwa na kazi nyingine, ulikuwa ukivuta komeo, ukiweka risasi, ukifunga. Mlio, komeo, mlio, komeo. Sisi wengine wote tukimaliza risasi moja tunaachia kifyatulio, tunainua shavu, tunapakia, tunatafuta upya mahali tulipokuwa. Yeye alibaki palepale kama aliyesinzia. Wale wanaume watatu walikuwa wamevuta komeo wakiwa wamesimama sebuleni. Hakuna aliyeiegemeza bunduki na kuipiga kwa mashoto.

Karatasi ikarudi. Risasi tano, tundu moja, na pembe yake moja tu imechanika kidogo.

"Bahati," akasema Eckhard.

Heidrun akapiga tano nyingine. Eckhard akaichukua karatasi ile mwenyewe, akaipeleka dirishani penye mwanga.

"Naona mmenyamaza," Bibi Triebel akasema. "Ni mbaya sana?"

"Njoo ukae hapa, mama," Heidrun akamwambia. Akamsogezea kigoda, akamwonyesha tundu la kulengea, akamwekea risasi. Bibi Triebel alikuwa wa mkono wa kulia na miwani yake ilikuwa ikiteleza, lakini akashusha pumzi kama alivyoambiwa na kubonyeza. Akapata alama nne katika kumi. Aliitazama karatasi ile, kisha akapitisha kiganja kwenye mbao ya kitako, mahali penye alama ya patasi.

"Kwa hiyo ndiyo kazi aliyokuwa akifanya," akasema. "Panatulia, hapa ndani. Sikujua kwamba panatulia." Akaomba karatasi akae nayo. Nikamwandikia tarehe.

Tulikaa mezani kumaliza habari. Bibi Triebel akasema tena, mia tatu. Eckhard, aliyekuwa amekaa jirani na Heidrun, nilimwona akimgusa mguu chini ya meza, na najua alichotaka kusema, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimeshakifikiria. Unatoa mia tatu, unashukuru, unaondoka.

"Bibi Triebel," Heidrun akasema, "mia tatu si bei yake."

"Ni nyingi?"

"Ni ndogo. Juma lililopita nilishika bunduki ya mia tisa, na hii inaishinda. Waliokwambia vingine hawakuipiga."

"Lakini si ina sura mbaya?"

"Ina sura mbaya sana. Nakupa mia tisa."

"Mia nne," Bibi Triebel akasema. "Sitaki watu waseme nimemnyonya mstaafu."

Sijawahi kuona watu wakivutana bei kwa kinyumenyume namna ile. Eckhard alishika kichwa. Heidrun hakushuka chini ya mia nane na hamsini, akasema hiyo ndiyo thamani ya Horst na kazi yake, na kama Bibi Triebel anataka kumpa mtu zawadi, atafute mtu mwingine. Hapo mama akatoa leso, akanyoosha mkono. Makaratasi ya kuhamisha kibali tuliyajaza pale pale.

Garini Eckhard alimwambia, "Mia tano na hamsini umezitupa, shemeji."

"Sijatupa. Nimenunua usingizi wangu wa usiku tu."

Na mia tatu hivi zilizobaki baada ya vile visanduku vya kujaribia, alijua kazi yake tangu matundu yale mawili. Jumatatu asubuhi alikuwa mlangoni kwa Bwana Röhrig kabla hajafungua, akanunua zote zilizobaki za toleo lile la nne, karibu risasi elfu moja na nusu. Toleo likiisha dukani halirudi, na linalofuata, hata likiwa na jina lilelile kwenye sanduku, ni risasi nyingine. Bwana Röhrig akamuuliza amepata bunduki gani hatimaye. Alipomweleza, akasema angependa kuiona siku moja. Heidrun akamwambia anakaribishwa, ila asije amekula, maana inatisha.

Mechi ya kwanza ya ligi ilikuwa mwezi wa Machi, ugenini, mvua na theluji vikichanganyika. Klabu mwenyeji walipoiona bunduki ikitoka sandukuni walitazamana, mmoja akauliza kama imetengenezwa shuleni. Heidrun akasema ndiyo, na mwalimu alikuwa mkali. Kisha akalaza shavu. Mia mbili na tisini na sita. Eckhard alipata mia mbili na tisini na saba, na alipokuwa akipiga zile tano za mwisho jasho lilikuwa likimtiririka shingoni, jambo ambalo sijaliona tangu enzi za ukuta uliogawa nchi yetu.

Tulishinda kwa pointi nne. Kwenye kantini walikuwa wakichoma soseji, na Heidrun alikula mbili na haradali nyingi, akitafuna polepole, mashavu mekundu. Baadaye aliomba simu yangu, akampigia Bibi Triebel, akamsomea alama zake karatasi kwa karatasi. Nilisikia sauti ya upande wa pili ikiuliza kama hiyo mia mbili na tisini na sita ni nzuri au mbaya.

"Ni nzuri, mama," Heidrun akasema. "Ni nzuri sana. Alhamisi nikupitie saa ngapi?"