Alama Kwenye Mipira ya Mjomba

Mtu akikwambia mpira wa pool hauugui, mwambie akamuulize Chaki. Mipira ya pale kwa mjomba wake iliugua, tena ugonjwa wa ngozi. Ilianza na ule mwekundu: kialama cheupe, kama mtu kabonyeza kucha kwenye sabuni. Mara wa njano. Mara yote. Ukiupiga taratibu uende kwenye tobo, unafika katikati ya safari kama umekumbuka kwao, unapinda.

"Hapa tunacheza pool au tunarusha viazi?" akauliza dereva wa lori, mteja wa kila siku, mkono mzito kama nyundo.

Mjomba mtu alikuwa na jibu moja tu. "Nyie mnabamiza! Mnaangusha kwenye sementi! Na wewe," akamgeukia Chaki, "umekaa hapo unawachekea. Kikulacho ki nguoni mwako."

Dereva akafukuzwa siku hiyo hiyo. Chaki akapewa mpaka Jumamosi: alama zikome, la sivyo meza inauzwa kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara, naye akatafute pa kushika.

Sasa ashike wapi? Shule ilimtema na matokeo ambayo hata mama yake hakuyauliza mara mbili. Kitu alichokijua duniani ni ile meza. Hata jina alilipata hapo, kwa kuchomeka chaki ya bluu sikioni kama seremala na penseli yake. Na chumba cha nyuma walicholala yeye na mama kilikuwa cha mjomba huyo huyo. Meza ikiondoka, wao wanabaki pale kama mizigo iliyosahauliwa stendi.

Basi akaanza upelelezi. Akatandika magunia sakafuni, mpira ukianguka uangukie palipo laini. Alama zikaongezeka. Akakataza kubamiza, watu wakacheza kama wanambembeleza mgonjwa. Alama zikaongezeka. Akabadili chaki, akakipiga brashi kitambaa mpaka kikataka kutoboka. Wapi!

Ijumaa asubuhi kakaa na chai yake, mkono mwingine unauchezea ule mpira mweupe. Anauzungusha, anauzungusha. Ghafla akashtuka, chai ikamwagikia goti. Huu mweupe ndio unaopigwa kuliko wenzake wote. Kila fimbo inaanza na huu. Mbona uso wake laini kama wa kichanga?

Akafikiri. Meza yao ilikuwa ya kutia sarafu. Mipira ya rangi ikiingia tobo inabingirika ndani kwa ndani, kwenye mfereji wa mbao, mpaka kwenye kidirisha cha ubavuni. Mweupe una njia yake, unatokea upande mwingine. Kwa hiyo ugonjwa hauko juu. Uko tumboni.

Akaingiza mkono kidirishani mpaka kwapa likagusa meza. Akapapasa mbao, mbao, mbao.

"Mamaa!"

Akautoa mkono, kidole kinachuruzika damu.

Hapo ndipo alipokumbuka. Mfereji uliwahi kupasuka, na mjomba, ambaye hajawahi kumwita fundi hata kwa jino lake, akagoma kufungua meza, eti lile jiwe lililo chini ya kitambaa ni zito. Akalala chali uvunguni, akaziba ufa kwa kipande cha bati, akapigilia misumari kutokea chini kwenda juu. Alitoka kajaa vumbi mpaka kope, akajisifu wiki nzima. Kumbe misumari ilikuwa mirefu kuliko ubao. Ncha zake zimekenua humo ndani, kila mpira unaopita unang'atwa.

Chaki akacheka peke yake kama kichaa. Koleo la kung'olea misumari lilikuwa pale pale, chini ya kaunta. Lakini furaha haikumpa nafasi ya kuinama. Mjomba ndiyo kwanza anaingia, na wachezaji wa asubuhi nyuma yake.

"Mjomba! Nimeipata! Ni misumari yako! Umeipigilia miguu juu!"

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Mzee, kumbe mchawi wa meza ni wewe!"

Mjomba hakucheka. "Kwa hiyo mimi naharibu mali yangu mwenyewe?"

"Sijasema hivyo, mjomba. Ingiza mkono tu, utaona."

"Niingize mkono kwa amri yako? Wewe?" Akageuka, akavuka barabara kwenda kwa kinyozi. Jumamosi haikungojwa. Jioni ile meza ilibebwa.

Mama akamfunga kidole kwa kitambaa. "Koleo ulikuwa nalo?"

"Nilikuwa nalo."

"Si ungeing'oa ukanyamaza, mwanangu? Alama zingekoma, kaka yangu angejisifu kwamba amezikomesha yeye, na sisi tungelala." Akalikata fundo kwa meno. "Mimi nimeishi naye tangu utotoni. Hivyo ndivyo anavyoshikwa."

Tangu siku hiyo mjomba akaacha kuitikia salamu, akianza na za dada yake.

Wiki iliyofuata, Chaki kakaa kizingitini, mikono haina kazi. Kinyozi kanunua mipira mipya, inang'aa mpaka ng'ambo ya pili. Mpira ukiingia tobo, Chaki anausikia unavyoteremka: gru, gru, gru, tk. Hiyo tk hakuna mwingine anayeisikia. Siku chache tu, sauti ya kinyozi ikapasua barabara: "Nani anabamiza mipira yangu kwenye sementi?"

Chaki akatia koleo mfukoni, akavuka.

"Mzee, shikamoo. Naomba nikuonyeshe kitu uvunguni, mara moja tu."

Kinyozi akamzuia mlangoni, mashine ya kunyolea bado inanguruma mkononi. "Nimeshaambiwa habari zako. Uliharibu mipira ya mjomba wako, halafu ukamsingizia misumari mbele za watu. Sasa umekuja kwenye yangu?"

"Kidirisha hicho hapo, mzee, ingiza mkono tu..."

"Toka!"

Dereva wa lori alikuwa ndani, kaegemea fimbo. "Rudi nyumbani, mdogo wangu," akasema. "Mimi mwenyewe hapa nangoja kufukuzwa tena."

Chaki akarudi kizingitini. Koleo likamchoma paja alipokaa, hakulitoa. Ng'ambo, mtu akapiga, watu wakashangilia, mpira ukateremka.

Gru, gru, gru. Tk.