Mipira Mikuukuu ya Nyumba ya Magurudumu

Pale Morogoro, reli ya Mjerumani ilipokwisha kupita ikielekea Tabora, palikuwa na nyumba yenye magurudumu. Msicheke. Ilikuwa nyumba kweli, ya mbao na bati, ina kitanda, meza na jiko dogo la chuma, nayo imejengwa juu ya mgongo wa motokaa. Mwenyewe alikuwa Bwana Holtz, mkaguzi wa mashamba ya mpira. Watu wa mjini waliiita Nyumba Tembea, ingawa kwa mwaka mzima kobe aliishinda mwendo.

Dereva wake alikuwa Stambuli, mtu wa Saadani, mpole, msafi, si msemaji. Alilala kwenye turubai chini ya gari hilo hilo, ndani ya banda la karibu na stesheni, wala si kwa kupenda. Alikuwa na nyumba yake zamani, juu ya Bigwa, mlimani kwa mkewe Mwaisha. Lakini huku Uluguruni ardhi ni ya ukoo wa mama. Mwanamume anaoa, anajenga, analima mpaka kiuno kinauma, na mke akifa, hana chake. Mwaisha alikufa. Msiba ukaisha, Stambuli akashukuru wakwe zake, akafunga mkeka wake akateremka. Hakufukuzwa na mtu. Aliona tu haya kuendelea kukaa.

Kule juu alimwacha binti yake wa pekee, Pili. Mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo mlezi wake alikuwa Mikidadi, kaka wa marehemu. Muda si mrefu Pili akavunja ungo, akawekwa ndani. Na mwali wa Kiluguru akiwekwa ndani, jamani, ndani kweli. Anakaa gizani mwezi baada ya mwezi, anafundwa na bibi yake, haonwi na mwanamume yeyote, hata baba. Siku ya kutoka hupigwa ngoma na watu hula wakasaza.

Stambuli alitaka kitu kimoja tu duniani: awepo siku hiyo. Amwone mwanawe akitoka gizani, kisha hata akipelekwa mwisho wa dunia, na apelekwe.

Na kupelekwa kulikuwapo. Bwana Holtz alikuwa na amri ya kuhamia Kilosa, kisha mbele huko mpaka Tabora, miaka na miaka. Siku ya kuondoka hakupangiwa. Kazi ya Morogoro haikuwa na mwisho, basi akaamua mipira ya gari ndiyo impangie. Nasema mipira, ndivyo tairi zilivyoitwa wakati ule. Mipira mipya ilikuwa imefika kwa treni, imefungwa gunia, imelazwa stoo.

"Sitaki jua la hapa liile mipya bure," alimwambia Stambuli. "Hii mizee ikifika mwisho, tutaivua, tutavaa mipya, na kesho yake safari. Goti langu bovu, siwezi kuchutama. Wewe ndiye utakayeniambia."

Akamfundisha vizuri. Mpira, alisema, hauzeeki kwa kwenda tu, unazeeka hata kwa kusimama. Usidanganywe na unene wa chini. Tazama ubavuni, bonyeza kwa kidole gumba. Ukiona nyufa, ukiona umekuwa mkavu, huo umekufa hata kama unaonekana mzima.

Stambuli akaelewa. Kila mwezi alichutama, akabonyeza, akatazama. Kila mwezi Bwana Holtz akiuliza kutoka dirishani, "Mipira je?" naye akajibu, "Bado, bwana. Bado ina nguvu."

Mwanzoni ilikuwa kweli. Halafu mavuno yakapita na mwali hakutolewa. Nyufa zikaanza kama nywele, kisha kama mistari ya kiganja. "Bado, bwana." Mavuno mengine yakaja, yakapita, ngoma zikalia kwa watu wengine, juu ya Bigwa kimya. Stambuli alikaa bandani akitazama milima na kusikiliza upande ule, kama mtu anayengoja kuitwa. Benedikto, mpishi wa bwana, Mluguru Mkristo mwenye watoto wengi na maneno mengi zaidi, alimtania.

"We mtu wa pwani, umeoa gari? Panda huko ukasalimie wakwe!"

"Nitapanda nikiitwa," Stambuli alisema.

Kwao Saadani baba haulizi habari za mwali. Hayo ni ya kungwi na wanawake, na mwanamume anayeyachungulia hana adabu. Isitoshe, aliogopa watu wasije wakasema amerudi kutamani shamba. Akanyamaza. Lakini upweke ulimtafuna, tusidanganyane. Alikula peke yake, akaongea peke yake, na jioni nyingine aliongea na ile mipira: ngoja kidogo, msinipasukie, mwanangu hajatoka.

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Siku moja aliingiza ukucha katika ufa, ukucha ukazama wote. Na asubuhi ile ile bwana alikuwa amesema kesho wanakwenda Ngerengere kukagua shamba, na Benedikto apande nyuma na vyombo vyake. Njia ya Ngerengere ina miteremko na makorongo. Mpira ukipasuka pale, lile sanduku la mbao linabingirika na waliomo.

Akaosha mikono, akavaa kanzu, akapanda Bigwa. Aibu na iwe. Atawaomba wamtoe mwali leo, kesho, wakati wowote.

Alimkuta mama mkwe wake, Bibi Mwanaheri, anapepeta mchele uani, na Mikidadi anachonga mpini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," bibi akajibu, na ungo ukasimama mikononi mwake. "Lo! Wewe u hai?"

Wakamkaribisha, wakampa maji. Stambuli alizunguka na habari za mvua, za treni, za bei ya chumvi, mpaka maneno yakamwishia. Akasema huku akitazama chini, "Shemeji, mnisamehe, najua si adabu. Nimekuja kuuliza habari za mwali."

Mikidadi akaweka mpini chini. "Alhamdulillahi," akasema. "Hatimaye."

"Hatimaye nini?"

"Hatimaye umeuliza! Baba ndiye aulizaye mwali. Akishauliza, ndipo sisi tunatwanga nafaka, tunapika pombe ya wazee, tunaita ukoo. Na siku yenyewe baba ndiye amwitaye mlangoni. Sisi tutamtoaje na baba hajauliza? Tungeonekana tumekufuta."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Nitume mtu akakwambie uje uulize mwanao?" Mikidadi alikasirika sasa. "Hilo si tusi? Tulidhani umemkataa. Tulidhani mama yake alipokufa, na mtoto kwako amekufa."

Kuuliza si ujinga, hata watoto wanajua hilo. Kumbe mavuno yote yale yeye anawangoja wao, nao wanamngoja yeye, na mtoto yuko gizani.

Bibi Mwanaheri aliingia ndani. Ukasikika mnong'ono nyuma ya ukuta wa udongo, kisha akatoka.

"Mwali anauliza, baba alikuwa wapi."

"Mwambie nilikuwa hapo chini tu," Stambuli alisema.

Wakapanga. Mwezi ukiandama, mwali anatoka. Zilibaki siku chache tu. Stambuli aliteremka mlima miguu haigusi ardhi. Siku chache! Akisema "bado" mara moja tu nyingine, basi. Mara moja tu, na yeye ndiye atakayesimama mlangoni amwite Pili kwa jina lake.

Alipofika bandani, Benedikto alikuwa anapakia sufuria nyuma ya gari huku anaimba. Bwana Holtz alikuwa dirishani anavuta kiko.

"Mipira je, Stambuli?"

Neno lilikuwa limekwisha kukaa ulimini. Benedikto akageuka, akamkonyeza, akasema, "Mwambie ina nguvu kuliko mimi!" Akacheka. Stambuli akawaza watoto wa Benedikto, na mama yao akipewa habari. Akawaza Pili mlangoni. Moyo ukamwuma kwelikweli, ukamwuma kama jino.

"Imekufa, bwana," akasema. "Imekufa tangu mavuno ya mwaka jana. Nilikuwa nasema uongo."

Benedikto akaweka sufuria chini. Wakati ule dereva aliyemdanganya bwana wake alipelekwa bomani akala viboko hamsa ishirini, na akitoroka akakamatwa, hali kadhalika. Bwana Holtz aliteremka ngazi polepole kwa lile goti lake bovu, akainama kwa shida, akabonyeza mwenyewe. Kipande cha mpira kikabaki mkononi mwake.

"Kwa nini?"

Stambuli akamweleza yote. Mzungu akakaa kwenye ngazi.

"Mtu mjinga," akasema, wala si kwa ukali. "Ungeniambia mwaka jana, ningengoja. Nilikuwa na nafasi tele. Sasa Kilosa wameniita mara mbili, na mvua iko karibu. Bonde la Mkata likijaa, hatuvuki mpaka mwakani. Ngerengere hatuendi tena. Funga mipya leo. Kesho Kilosa."

"Siku chache tu, bwana. Nakuomba."

Bwana Holtz alitazama mawingu upande wa Mkata, akatikisa kichwa.

Stambuli akafunga mipira mipya. Ilikuwa mizuri, laini, inanukia, na aliichukia. Asubuhi akashika usukani. Benedikto hakutania hata neno moja mpaka Kilosa.

Mwezi uliandama wakiwa huko, kazi imewabana, ruhusa ya kurudi kwa treni hakuna. Baadaye kidogo treni ikamleta Maneno, mchukuzi wa stesheni ya Morogoro, kijana wa Bigwa, na masanduku ya bwana. Stambuli hakumpa hata nafasi ya kutua mzigo.

"Ametoka?"

"Ametoka, mzee wangu. Ngoma mpaka vumbi likapaa."

"Alitokaje? Nieleze."

Maneno akasitasita, akajikuna shingo. "Alifika mlangoni akasimama. Mjomba akamwita, hakutoka. Akamwita tena. Wanawake wakaimba mpaka wakachoka, mwali kasimama tu, kafumba macho. Mwisho bibi akamwendea, akamwambia, toka mwanangu, anayekuita ni mjomba, baba hayupo. Ndipo akatoka."

"Kisha?"

"Kisha tukala, mzee wangu. Pilau nyingi."

"Alhamdulillahi," Stambuli akasema, maana mtoto alikuwa ametoka. Akampokea Maneno sanduku, akaenda nalo nyuma ya gari ambako hapakuwa na mtu, na huko akalia.