Ile ya Kucheka

Mume wangu ni fundi wa mafriji, ndiyo maana mtaa mzima wanamwita Baridi. Kutwa kichwa kimeinamia kompresa zinazonguruma, akirudi jioni hata redio hataki kuisikia. Basi aliponunua kamera mpya, zile zisizo na kioo ndani wanazoziita mirolesi, kilichomfurahisha kuliko vyote hakikuwa picha. Kilikuwa ukimya. Kamera yake ya zamani ilikuwa na kioo kinachoruka kila ukibonyeza, kwacha, mpaka jirani anajua umepigwa picha. Hii mpya unaizima sauti, inapiga kama haijapiga. Akanisimamisha jikoni karibu na dirisha, nami nikasubiri, nikasubiri, mwisho nikamwambia anipige basi, nimeacha sufuria motoni. Kumbe alikuwa ameshamaliza zamani.

Tukacheka wote wawili. Laiti siku ile ningenuna.

Mama mkwe tulikuwa tunaishi naye. Macho yalimwisha polepole: kwanza hakuona tundu la sindano, kisha hakuona sura za watu, mwishowe ukabaki mwanga wa dirisha tu. Mimi ni msusi, chumba cha mbele ndiyo saluni yangu, na yeye alishinda humo kwenye kiti chake akiwatania wateja. Anamjua mtu kwa kandambili zake kabla hajabisha hodi. Mimi mwenyewe, pamoja na miaka yote ile ndani ya nyumba na mvi zangu, bado aliniita bibi harusi.

Alikuwa na haja moja. Picha yake ya maana ilikuwa ya kitambulisho, na alikumbuka vizuri alivyotoka, maana aliiona akiwa bado na macho yake.

"Nimetoka kama mtu aliyeibiwa kuku na mwizi anamjua," alisema. "Siku nikiondoka mkiiweka ile mbele ya watu, nitarudi kuigeuza. Nataka ya kucheka."

Alikuwa na haki. Yule mama alikuwa akicheka, mteja anasahau kwamba ninamvuta nywele.

Baridi aliwahi kujaribu na kamera ya zamani. Mama alikaa kama yuko mbele ya hakimu, pumzi kaibana, midomo kaifunga, mpaka asikie kwacha. Akishaisikia tu, mabega yanashuka na kicheko kinamtoka. Kwa hiyo kicheko kilikuwa kinakuja baada ya picha. Sasa mtu mwenye akili zake si angebonyeza tena? Lakini wapi! Baridi wangu aliona dawa ni lenzi. Lenzi iliyokuja na kamera haifai kwa sura, alisema, iko nyingine maalumu, inaufifisha ukuta wa nyuma na mtu anabaki peke yake. Tukaingojea lenzi. Kamera ya zamani ikauzwa, ikaja mpya, na baada ya miezi ikaja lenzi yenyewe, fupi, nene kama kopo la maziwa, nami nikakatazwa hata kuipangusa vumbi.

Jumapili ya kwanza nilimsuka mama mistari myembamba, nikamvisha gauni la buluu, nikamkalisha karibu na dirisha. Kabla hatujaanza Baridi aliniita mlangoni, akaninong'oneza nisimwambie mama wakati anapiga. Mtu asiyejua anapigwa picha hutoka alivyo, alisema. Akiuliza, nimwambie bado. Niliona ni maarifa makubwa, nikakubali.

Mama akabana pumzi. Baridi akazunguka kiti, akachuchumaa, akasimama juu ya stuli yangu ya kusukia, anabonyeza bila sauti.

"Ameshapiga?" mama akauliza.

"Bado, mama."

Akaivuta pumzi nyingine, akaibana. Kila akiuliza mimi najibu bado, mpaka shingo ikaanza kumtetemeka, tukamwacha apumzike. Jumapili iliyofuata ikawa vilevile. Macho yake yalikuwa yamekwisha, alikuwa na masikio tu, nasi tukamnyima cha kusikia. Hilo nalijua leo. Siku ile nilikuwa nafikiria ugali wangu utapoa.

Jumapili ya tatu uvumilivu ukamwishia. Akaziachia pumzi zote, akajiegemeza kwenye kiti.

"Baba," akamwambia mwanawe, "rudisha hiyo kamera dukani. Imeiona sura yangu imeogopa."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mama akasikia kicheko changu, naye akaanza. Kichwa kikaenda nyuma, pengo la juu likaonekana lote, mkono unapiga goti, machozi yanamtoka kwenye macho yale yasiyoona. Mwanga wa dirisha ulikuwa umemkalia usoni sawasawa. Nikajisemea hii ndiyo yenyewe, nikageuka kumtazama Baridi.

Alikuwa ametupa mgongo. Kamera hizi ukivua lenzi, ndani kuko wazi, hakuna kioo cha kukinga, na vumbi linakwenda moja kwa moja kwenye jicho lake. Kwa hiyo akibadilisha lenzi hujikunja pembeni kama mtu anayewasha kiberiti kwenye upepo. Nilimwita. Akasema ningoje kidogo. Akaipachika ile lenzi nene, akaizungusha mpaka ikajifunga: tak.

Mama akaisikia. Akapangusa machozi kwa kiganja.

"Haya," akasema. "Hiyo umeipata."

Baridi alinitazama, nikamtazama. Akafungua mdomo aseme ukweli, na mimi, mwenye kiherehere, nikamtangulia.

"Ameipata, mama."

Alikuwa amechoka na amefurahi, nami nikaona Jumapili zipo nyingi. Akauliza ametokaje. Nikamweleza nilichokiona kwa macho yangu, kichwa, mkono, gauni, na hakuna neno hata moja nililoongeza. Akauliza kama pengo linaonekana. Nikasema linaonekana lote.

"Safi," akasema. "Hiyo ndiyo mtakayoweka."

Jumapili iliyofuata Baridi aliitwa buchani, friji la nyama lilikuwa limezima. Iliyofuata kulikuwa na mawingu, akasema mwanga haufai, bora tungoje. Mwanga haufai! Mama yeye alishinda kitini akimsimulia kila anayeingia kusukwa kwamba sasa ana picha yake ya kucheka, na pengo limo. Kisha kifua kikambana, tukampeleka hospitali, na nyumbani hakurudi.

Mama mdogo, yaani mdogo wake wa tumbo moja, alifika na mkoba ungali begani. Tulilia, tukanyamaza, akaomba maji. Alipomaliza kunywa akasema tuitoe ile picha ya kucheka, maana dada yake alimpigia simu kumsimulia hiyo tu. Kisha akatoka uani kusalimia watu.

Baridi akaiweka kompyuta kwenye meza yangu ya saluni, katikati ya vitana, akafungua. Picha mamia. Lenzi ilikuwa nzuri kweli, sisemi uongo: niliweza kuhesabu mistari niliyomsuka, na ukuta wa nyuma ulikuwa umefifia kama alivyoahidi. Na katika kila picha mama amebana pumzi. Baridi akazipitisha mbele, akazirudisha nyuma, akazipitisha tena taratibu.

"Mbona hacheki hata moja?"

"Alikuwa anasubiri kusikia," nikamwambia.

Mume wangu asiyependa kelele akalia kwa sauti, mpaka majirani waliokuwa wanapanga viti uani wakaja kuchungulia.

Ilikuwepo moja tu ambayo midomo haikufungwa. Nyusi zimeinuka, uso umegeukia upande wangu, mdomo umeachama kidogo. Hiyo ndiyo tuliyoichapisha na kuitia fremu. Waliokuja kutupa pole waliisifu: mama anaongea kabisa, mama anataka kucheka. Nilikuwa naitikia na kusema ahsante. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu amekuja na mizigo yake yote, na hana mpango wa kuondoka.

Mama mdogo peke yake hakuisifu. Aliichukua mezani, akaenda nayo dirishani, akaitazama sana.

"Hii siyo aliyoniambia," akasema. "Huyu hacheki. Kuna kitu anauliza. Anauliza nini?"

Nikajibu mimi.

"Anauliza kama ameshapigwa."

"Na nyinyi mkamwambiaje?"

"Tukamwambia bado."

Alipangusa kioo cha picha kwa ncha ya khanga, akairudisha mezani na kuinyoosha vizuri. Akasema watu wanazidi kuingia, nikaongeze viti.