Kofia Iliyotafuta Hasira

Ubongo wangu umeitumikia sayansi. Naomba taarifa hii ipokelewe kwa heshima, hasa na wale wa mkondo B, ambao ubongo wao haukuombwa.

Mtafiti alikuja shuleni kwetu Jumamosi, na alichofuata kilikuwa upara. Wasichana werevu wamejaa Tanzania nzima. Lakini kofia aliyokuja nayo hupeleka mwanga ndani ya kichwa, mwanga mwekundu uliopita wekundu hadi jicho haliuoni tena, na nywele nyingi huuzuia njiani kama mlinzi wetu wa getini anavyozuia wageni wasio na barua. Sisi bweni zima tumenyolewa. Kwa mara ya kwanza tangu kidato cha kwanza nilipapasa kichwa changu nikajiona rasilimali ya taifa.

Mtafiti mwenyewe aliitwa Nassibu, kijana mrefu, shati limepigwa pasi upande wa mbele tu. Alitukusanya maabara ya biolojia akatueleza. Zamani, ukitaka kutazama ubongo ukiwa kazini, ilibidi mtu alale ndani ya mashine kubwa kama tangi na asitikisike. Hii kofia unaivaa, unakaa kitini, unaongea. Vitaa vyake vinamulika paji la uso na utosi, vipokezi vinanasa mwanga unaorudi, na kompyuta inachora damu yenye oksijeni ilikokimbilia. Sehemu ya ubongo ikichapa kazi, damu inaifuata, na mstari mwekundu unapanda.

"Kaka, inasoma mawazo?" aliuliza Eustadia, rafiki yangu wa kitanda cha juu. Alikuwa na wazo la kuficha. Wazo lenyewe liliitwa Xavery na lilisoma shule ya wavulana.

"Haisomi mawazo, dada. Inaona damu tu."

"Na damu ikimkimbilia mtu?"

"Nyamaza, Eustadia," alisema Mwalimu Advera, mwalimu wa nidhamu, ambaye alikuwa ameketi dirishani akisahihisha madaftari ili sayansi isigeuke fujo.

Nassibu alitaka kujua ubongo wa kijana unafanya nini unapodharauliwa. Wazazi walikubali, sisi tulikubali, na tuliambiwa yeyote anaweza kuvua kofia wakati wowote akaondoka. Yeye angetusomea maneno ya kejeli kutoka kwenye karatasi, sisi tungekereka, mstari ungepanda, kila mtu angekwenda kula.

"Nimepita Igunga, Nzega na Sikonge," alimwambia Mwalimu Advera, akidhani hatusikii. "Sijampata hata mmoja aliyekereka. Kesho alfajiri narudi Dar, na kofia hii inakwenda kwa mtafiti mwingine. Leo nikikosa, Mwalimu, shahada yangu ya pili imeishia hapa Tabora."

Alisema kwa sauti ya chini sana, hata sisi watundu tukaingiwa na kitu kinachofanana na huruma.

Nilikuwa wa kwanza. Alinivisha kofia, akaikaza kidevuni, akaketi mbele yangu. Na kwa kuwa ni mtu mwenye adabu, alianza kwa kujitambulisha.

"Naitwa Nassibu Pazi. Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe. Mwenzangu je?"

"Recheli Mahona," nilisema, nikihisi mbavu zinaanza kutekenyeka. "Mnyamwezi wa Kwihara."

"Vizuri." Akainua karatasi. "Kichwa chako ni kizito kama jiwe la kusagia."

Kwa msomaji aliyelelewa mbali na neema, nieleze. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Babu zetu walitembea na misafara kutoka huku hadi pwani, wakazoeana huko na Wazaramo, wakapeana ruhusa ya kutukanana maisha yao yote na ya wajukuu wao. Mtani akikutukana hukasiriki. Ukikasirika, aibu ni yako na ya ukoo.

"Kizito ndiyo!" nikajibu. "Babu yangu alibebea pembe za ndovu kichwa hiki hiki mpaka pwani, akamkuta babu yako amelala chini ya mnazi anangoja nazi ijiangushe!"

Nassibu akapepesa macho. "Tafadhali, usijibu. Umevaa kama gunia la tumbaku."

"Gunia lina kitu ndani! Mfukoni mwa Mzaramo mna nini? Ratiba ya ngoma!"

Maabara ilipasuka kwa kicheko. Nilicheka mpaka kofia ikanishukia puani, na mstari kwenye kompyuta ukarukaruka kama mbuzi aliyekatika kamba. Nassibu akasema hiyo si hasira, hiyo ni mitikisiko, haimfai hata kidogo.

Akaja Koleta, Msukuma wa Choma, naye mtani vile vile. Nassibu akajitambulisha tena, Mzaramo wa Kisarawe, akamwambia ana akili za kifaranga. Koleta akainama, akamvua kiatu cha kushoto, akakikalia. "Mateka," alisema. "Kikombolewe kwa soda, tena iwe baridi." Utani unaruhusu hilo. Akaja Julieth, akacheka kabla hajatukanwa.

Baada ya msichana wa sita, Nassibu aliweka karatasi mezani. Soksi yake ilikuwa na tundu kidoleni.

"Kila nilikokwenda wanacheka," alisema. "Nilidhani kofia ni mbovu. Sasa naona mbovu ni mimi. Sina sura ya kumdharau mtu."

Sura hakuwa nayo kweli, lakini ningemwambiaje?

"Kaka Nassibu," nilisema, "utani unaujua?"

"Naujua. Ule wa msibani. Mimi nilikulia Moshi, nimeuona mara chache."

"Wa msibani tu?"

"Kwani unafika mpaka maabara?"

Wenzangu walianguka juu ya meza. Mimi nilijizuia, kwa heshima ya taaluma.

"Sasa kwa nini unataja kabila kabla ya kututukana?"

"Bibi alinikanya," alisema polepole. "Usifungue mdomo mbele za watu hujawaambia umetoka wapi."

"Basi kaka, bibi yako ameila shahada yako, tena ameila na ukoko."

Nassibu akasimama ghafla, mguu mmoja na kiatu, mwingine na soksi, macho yamemtoka.

"Ngoja. Ngoja! Nikipata maneno yale yale, kichwa kile kile, asemaye mara moja awe mtani, mara ya pili asiwe mtani... Mistari miwili! Hilo ni swali zuri kuliko langu! Nani hapa si mtani wenu?"

Vichwa vyote vinavyong'aa viligeukia dirishani.

Mwalimu Advera anatoka Bukoba. Hana utani na kabila lolote linalosoma pale, wala na kiumbe chochote cha Mungu. Alifunga kalamu yake, akaja, akaipokea karatasi ya Nassibu na kuisoma kwa mkono ulionyooka.

"Haya ndiyo matusi?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mmh."

Nilivishwa kofia tena. Mwalimu Advera akaketi mbele yangu akasoma. Kichwa kizito. Gunia. Kifaranga. Mstari ulilala chali. Hayo tunaambiwa kila asubuhi paredi, na yananiingia kama utabiri wa hali ya hewa wa mkoa mwingine.

"Basi," alisema Nassibu, akajishika kichwa. "Basi, imekwisha. Nashukuru sana, Mwalimu. Nitafungasha."

"Kaa chini, mwanangu," alisema Mwalimu Advera.

Akaikunja karatasi mara mbili, akaiweka kando. Alinitazama kwa muda bila ukali wowote, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Kisha akainuka, akakunja goti kidogo mbele yangu kama bibi harusi mbele ya mama mkwe, na kwa sauti laini ambayo sijawahi kuisikia kwake akasema:

"Shikamoo, Recheli."

Maabara nzima ilikata pumzi.

Mtu mzima akikupa shikamoo, amekuvua nguo hadharani bila kukugusa. Anautangazia ulimwengu kwamba umejifanya mkubwa kuliko yeye. Ukiitikia marahaba, umekwisha. Ukinyamaza, umekwisha pia, na tena huna adabu. Masikio yaliniwaka moto. Nilitamani sakafu ifunguke, lakini ni ya zege. Sikutikisa hata ukope.

"Inapanda!" alipiga kelele Nassibu. "Jamani, inapanda! Na ametulia kama picha, hakuna mtikisiko hata chembe! Recheli, dada yangu, usipumue!"

Sikuwa napumua.

Nassibu alipotosheka, alimkimbilia Mwalimu Advera kama anayetaka kumkumbatia, akakumbuka ni nani, akamwinamia badala yake. Kisha akaniacha nipoe mpaka mstari ukalala, akaketi mwenyewe kwenye kile kiti mbele yangu, akainuka, akakunja goti vile vile.

"Shikamoo, Recheli."

"Marahaba, mjukuu wangu!" nilijibu bila kufikiri. "Nazi hazijaanguka bado?"

Mstari ulitikisika kidogo kwa kicheko, ukatulia pale pale chini. Nassibu akaufungua ule wa kwanza pembeni yake. Neno moja, kichwa kimoja, wasemaji wawili. Mstari mmoja mlima, mwingine tambarare kama mbuga ya Igunga. Alitazama kwa muda mrefu, mkono mdomoni, na macho yake yaliloa, lakini alikuwa anacheka.

"Mwalimu," alisema, "nahitaji wengine saba. Utachoka?"

"Mimi?" alisema Mwalimu Advera, akipandisha mikono ya sweta yake. "Nimeanza kupenda sayansi."

Koleta alirudisha kiatu upesi, bila kudai soda, akaelekea mlangoni. Mlango ulikuwa umefungwa. Eustadia, aliyekuwa karibu zaidi, alikamatwa akavishwa kofia. Mwalimu Advera akaketi mbele yake, akapangusa miwani taratibu kwa ncha ya kitenge, akaivaa, akamtazama.

Kwenye kompyuta mstari mwekundu ulianza kupanda.

"Bado sijasema kitu," alisema Mwalimu Advera.

"Usiseme, Mwalimu!" alinong'ona Nassibu, akiburuta kiti kusogelea kompyuta. "Usiseme kwanza. Hii nayo naitaka."