Tangi la Maji la Mwanne

Mimi ni wakala wa mizigo hapa Mtaa wa Narung'ombe, na katika miaka yangu yote Kariakoo sijaona mzigo ulionichosha kama matangi ya maji ya wale wafadhili. Si kwa uzito. Tangi tupu hata bibi kizee atalisukuma likabingirika. Yalinichosha kwa maneno yaliyokuja nayo.

Yalikuwa ya kwenda Ngazija, kule Komoro, alikozaliwa mama yangu. Kisiwa kile hakina mto. Watu wanakinga mvua ya paani, na mvua ikikatika wanabeba maji kichwani. Wanaobeba ni wanawake. Wafadhili wakaamua kila nyumba ipate tangi, na mimi nikapewa kazi ya kununua na kusafirisha. Nilifurahi kweli, maana mdogo wangu Mwanne anaishi huko na magoti yameshaanza kumsumbua.

Kisha likaja sharti. Mke na mume wasaini pamoja kwamba nyumba ni ya wote wawili, nusu kwa nusu. Bila saini mbili, hakuna tangi. Wakaliita usawa.

Usawa gani? Ngazija nyumba ni ya mwanamke. Baba anamjengea binti yake, mume anaoa na kuhamia, na wakiachana anatoka na nguo zake. Nyumba ya Mwanne ilikuwa ya mama yetu, na kabla ya hapo ya bibi yetu. Saini hiyo ilikuwa inamnyang'anya nusu ili apate maji ya kunywa.

Nikaenda Posta kwa Jovitha, binti wa Kichaga anayeshughulikia mambo ya jinsia katika mradi huo. Nilikwenda nimejiandaa kwa ugomvi, na ulimi wangu watu wa Kariakoo wanaujua. Hakunipa nafasi. Alinipa shikamoo, akanivutia kiti, akasema hayo yote anayajua. Alishawaandikia wakubwa wake mara chungu nzima kwamba Ngazija iachwe na utaratibu wake, wakamjibu sharti ni moja kwa visiwa vyote vya mradi, mpaka vya upande wa pili wa dunia ambako mwanamke hamiliki hata mlango. Macho yake yalikuwa mekundu kwa uchovu. Hasira yangu ikakosa pa kukaa.

Akanisimulia ya kwao Kilimanjaro. Baba yake alipofariki, nyumba na shamba la migomba vilikwenda kwa kaka zake, Heriel na Elibariki. Yeye alipewa sufuria za mama yake na nauli ya kurudi mjini. Ndiyo sababu aliingia kazi hii.

"Bi Husna," akasema, "kumbe kuna mahali binti anapewa nyumba bila kuomba. Na mimi ndiye ninayetumwa kwenda kuigawa."

Tulikunywa chai yake iliyopoa, na kabla sijaondoka akaniambia upenyo pekee uliobaki: mwanamke asiye na mume anasaini peke yake.

Nilipompigia Mwanne nikakuta ameshaujua. Alicheka kicheko cha mtu aliyechoka, akasema mtaani kwao siku hizi wake wanaomba talaka kama wanaoomba chumvi kwa jirani. Talaka moja tu, na tangi likishafungwa mume anamrejea mkewe kabla eda haijaisha. Shemeji yangu Kitwana hakubisha. Wazo lenyewe lilikuwa lake. Aliona aibu. Mwanamume gani atasaini kuchukua nusu ya nyumba ya mama mkwe wake?

Mimi niliuliza jambo moja. Kitwana alishawahi kumwacha wakiwa bado vijana, na ni mimi niliyewapatanisha. Kwa hiyo hii itakuwa ya pili, nikasema, muwe waangalifu. Mwanne akasema ndiyo, ya pili.

Basi tukapakia. Maguta yalibeba matangi hadi bandarini, meli ikaondoka, na mimi nikalala usingizi mzuri.

Tangi lilipokwisha kufungwa, Kitwana akaenda kwa kadhi kuandikisha kwamba amemrejea mkewe. Kadhi akamuuliza maswali yake, na Kitwana, mtu mkweli mpaka anaudhi, akaeleza yote. Miaka ya nyuma, akiwa kibaruani kisiwa jirani cha Mayotte, aligombana na Mwanne kwenye simu akatamka talaka. Kesho yake akaomba radhi, wakaendelea kama hakuna lililotokea. Waliamini neno la kwenye simu halihesabiwi, hata mimi hawakunihadithia. Kadhi akasema linahesabiwa. Hii ilikuwa ya tatu, na mke wa talaka tatu harejewi mpaka aolewe na mwingine na kuachika huko. Mwanne ana wajukuu.

"Sikutaka mume mwingine, dada," aliniambia. "Nilitaka maji."

Juzi Jovitha akaja dukani kwangu. Wafadhili wamefurahi. Wanawake waliosaini peke yao Ngazija ni wengi kuliko kisiwa kingine chochote, na amepewa kazi ya kuandika mafanikio hayo yamepatikanaje, ili na wengine waige. Akataka nimsaidie, kwa kuwa nina ndugu huko. Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi. Akakaa juu ya katoni la vikombe, mkoba mapajani, wapagazi wanapita wakimwomba njia naye hasikii. Alisema ataandika hivyo hivyo ilivyo, ingawa watayafuta. Kisha akauliza Mwanne na Kitwana wanaishije sasa.

Nikamwambia. Kitwana amehamia kwa dada yake, nyumba ya tatu kutoka kwa Mwanne. Haina tangi, kwa sababu dada mtu alikataa kusaini na akakataa kuachika. Kila asubuhi Mwanne anajaza ndoo, anaiweka barazani, anaingia ndani na kufunga mlango. Kitwana anakuja, anasimama kidogo, anaichukua. Jioni anairudisha pale pale, imeoshwa.