Geti la Nyuma

Darasa la watu wazima lilikuwa ndani ya ghala la zamani la saruji, na mwalimu hakuwa na kitabu. Mwanafunzi alisimulia jambo lake, mwalimu akaliandika ubaoni, kisha wote wakalisoma na kulinakili. Ndivyo fundi wa kuchomea vyuma, ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche, alivyojua kusoma akiwa na miaka arobaini na tisa.

Alikaa dawati moja na mshonaji kutoka ng'ambo ya reli. Pande hizo mbili zilikuwa na lugha mbili za nyumbani, na kwa miaka ishirini na sita, tangu soko liungue, hazikualikana hata harusini. Lakini mshonaji hakuwa na dogo. Cheche akikosea, alipigwa kiwiko.

"Kaka Cheche, hiyo ni b au kijiko?"

"Ni b ya mtu mwenye njaa, dada."

Nyuma yao alikaa kaka yake Cheche, waliyemwita Mwenyekiti, ingawa hakuna aliyejua wa nini. Yeye kusoma alijua tangu utotoni. Alikuja kusikiliza.

Jumanne moja mwalimu akasema, "Alhamisi tutasimulia siku soko lilipoungua. Kila upande una hadithi yake, na hamjawahi kukaa mkasikilizana. Safari hii mtazisoma zote."

Njiani kurudi, walipofika darajani, Mwenyekiti alimshika Cheche mkono.

"Wewe siku ile ulikuwa na homa. Ulilala nyumbani."

"Sawa, kaka."

"Una watoto, Cheche. Usisahau."

Homa ilikuwa ya uongo. Alfajiri ya siku ile, soko likiwa tupu bado, Cheche alichomea geti la nyuma lisifunguke, huku kaka yake akimshikia taa. Aliambiwa wanawakomesha tu wale wa ng'ambo, wasipate pa kupitishia mzigo. Saa nne soko likawaka upande wa mbele. Nani aliwasha, Cheche hakuuliza siku ile, wala siku nyingine yoyote.

Alhamisi mwalimu alichora soko sakafuni kwa chaki, akamwambia kila mtu asimame alipokuwa siku ile. Cheche alibaki ukutani.

"Mimi nilikuwa na homa. Soko lile sijawahi kulikanyaga."

Mshonaji alienda moja kwa moja hadi mstari wa nyuma. "Mdogo wangu alikutwa hapa, amekufa. Yeye na wengine saba. Sisi tunasema geti lilifungwa. Nyinyi mnasema lilikwama."

Dereva wa lori, mtu wa upande wa kina Cheche, akakuna kidevu. "Mimi nadhani lilifungukia ndani. Watu wakisukumana kwa hofu, geti la namna hiyo halifunguki. Basi hakuna wa kulaumiwa."

Darasa likashusha pumzi. Hata watu wa ng'ambo walitikisa vichwa kukubali. Walikuwa wamechoka kuchukia. Mwalimu akainama, akachora geti linalofungukia ndani, bawaba mbili upande wa soko.

Cheche alilitazama lile geti. Miaka yote ya kazi hakuna kilichomkera kama mchoro wa geti uliokosewa. Ulimi ukateleza.

"Siyo hivyo. Lilifungukia nje. Bawaba tatu, na ya chini ilikuwa imeliwa na kutu."

Aliyasikia maneno yake mwenyewe yakiwa yameshatoka.

Mshonaji aligeuka taratibu. "Umejuaje? Soko si hujawahi kulikanyaga?"

"Huyu ni fundi," Mwenyekiti alisema kwa sauti ya mzaha. "Mageti yote ya mji huu anayajua."

"Sijakuuliza wewe, kaka mkubwa."

Mwenyekiti akatabasamu, akachomoa simu, akatoka nje bila haraka. Kupitia dirishani Cheche alimwona akiongea maneno mawili matatu na kurudisha simu mfukoni. Akasimama pale pale uani, mikono nyuma, akiangalia ndani.

Uongo ulikuwepo, tena mwepesi. Angesema alipita siku moja akaliona geti kwa nje, wangemwamini. Walitaka kumwamini. Lakini mshonaji alikuwa bado amesimama kwenye ule mstari wa chaki, akimngoja kama alivyomngoja kila siku amalize kusoma neno gumu.

"Sema, niandike," mwalimu alisema kwa sauti ndogo.

"Nitaandika mwenyewe."

Chaki ilikatika mara mbili. Aliandika polepole, herufi zikipanda na kushuka. Alipomaliza akasogea pembeni. Mshonaji akaanza kusoma, akigusa kila silabi kwa kidole hewani, kama walivyofundishwa.

"Ge-ti. Ni-li-li. Cho-me-a. Mi-mi."

Akairudia sentensi yote kwa mkupuo. Hakulia. Dereva wa lori alikuwa amekaa chini bila kujua amekaa.

"Ulichomea sehemu ngapi?" mshonaji aliuliza.

"Nne."

"Andika. Na aliyekuwa nawe, mwandike."

Pikipiki tatu ziliingia uani, zikazimwa moja baada ya nyingine. Mwalimu alitazama mlango, kisha akamtazama Cheche. Cheche akaligeuzia dirisha mgongo, akatafuta kipande cha chaki kilichobaki, akaanza kuandika jina la kaka yake.