Nyuzi Kumi na Moja za Mai Chee

Nesi Panida alipoingia wodini alikuta mambo yamechacha. Mwenzake Orawan ameshika mkasi, na Chong Pao, baba wa mgonjwa, ameukumbatia mkono wa bintiye uliofungwa nyuzi kama anayelinda yai. Mai Chee alikuwa na miaka tisa. Kidole tumbo kilikaribia kupasuka, na daktari alishanawa, anawangoja chumba cha upasuaji.

"Nyuzi hizo chafu lazima zikatwe!" Orawan alifoka. "Hawa watu wa milimani, kila siku vituko!"

"Ukizikata, narudi naye nyumbani," baba akajibu kwa Kithai cha kuokoteza.

Panida akauma meno. Miaka minne alikuwa akiyasikia maneno hayo na kuyameza, maana hakuna hospitalini aliyejua kwamba naye ni Mhmong, wa watu haohao wa milimani. Jina la Kithai kifuani, lafudhi ya mjini, basi, yakaisha. Na aibu ya kunyamaza ilimla kila siku.

Nyuzi zile nyeupe alizijua. Mganga alizifunga jana ili roho ya mtoto isitoke ikatangatanga. Kuzikata siku ya kisu ni kuifungulia mlango.

Akainama, akasema Kihmong: "Baba, hebu nitazame mkono."

Chong Pao akashtuka. "Kumbe! Wewe ukoo gani?"

Hilo ndilo swali la kwanza la Mhmong, na halijibiwi kimzaha. Ukishataja ukoo umejifunga. Wa ukoo mmoja ni ndugu, na ndugu hakimbii. Orawan alikuwa amekodoa macho.

"Vang," akajibu, wodi nzima ikasikia. "Mimi ni Pa Nhia, binti wa ukoo wa Vang."

"Sisi pia Vang! Basi mimi baba yako mdogo, na hata kuja kunisalimu hutaki!"

"Nitakuja, baba mdogo. Sasa nipe mdogo wangu. Hautakatwa hata uzi mmoja."

Akamgeukia Orawan. "Linalopasuliwa ni tumbo, dada, si mkono. Dripu iende mkono wa pili. Huu nauosha kwa dawa, pamoja na nyuzi zake zote, nauzungushia bandeji safi, naubana kwa plasta."

"Na daktari akikataa?"

"Atakataa mbele yangu."

Walipomfikisha, daktari aliukagua mkono juu na chini. "Nani kafunga hivi?"

Orawan akajibu, "Nesi Pa Nhia."

"Kafunga vizuri. Tuanze."

Jioni Mai Chee aliamka akiomba maji. Baba yake akaifungua bandeji taratibu, akahesabu nyuzi kwa kidole. Kumi na moja.

"Zote zipo!" akawatangazia hata wasiomwelewa. "Nesi huyu ni mtoto wetu!"

Pa Nhia alicheka, machozi yakimlengalenga, kichwa juu. Akakata kipande cha plasta ileile, akakibandika juu ya jina lililo kifuani, akaandika lake la Kihmong kwa herufi kubwa.